Studio ya picha Sinza: kamera nzuri, lighti nzuri, ila binti anarudi na sura ya mtu mwingine

Jina la studio siweki, sitaki kesi. Nyota 3 kati ya 5 na nitaeleza.

Kwanza niwape haki yao. Lighti zao za uhakika, bakigraundi zipo za kila aina, mpiga picha hana haraka, anamuelekeza mtoto taratibu nyanyua kidevu, shusha bega, cheka kidogo, mpaka mwenye aibu anafunguka. Elfu hamsini unapata picha kumi zimeeditiwa na moja kwenye fremu, softikopi unatumiwa WhatsApp. Kwa Dar ya sasa hiyo bei ya kawaida tu.

Nilimpeleka binti wa dada yangu, kamaliza form six, na kaka yake akaja kupiga zake za CV. Sasa picha zilivyotoka jamani. Huyu mtoto ni mweusi, ule weusi wenyewe unaong'aa, wamemleta rangi ya chai ya maziwa, pua wameibana, alama ya shavuni aliyozaliwa nayo wameifuta, na kiuno wamekikata mpaka mlango uliokuwa nyuma yake umepinda!! Nenda kwa kaka yake sasa, hajaguswa hata kidogo, chunusi zote za paji la uso zipo vilevile na picha imetoka safi tu. Hakuna aliyetuuliza kitu, si yeye si mimi niliyelipa.

Nikamuuliza editor, kijana mpole kabisa, akanijibu mama wadada wote wanataka hivi, tukiwaacha walivyo wanarudisha. Na kiukweli simlaumu peke yake, maana ukiangalia sampo walizobandika ukutani wanaume wapo wa kila rangi na kila umbo, wanawake wote ni weupe, wembamba kiunoni, kama wamezaliwa tumbo moja. Hiyo sura hajaibuni yeye, ndo ileile ya kwenye mabango ya vipodozi barabarani, ndo ileile ya video za muziki ambako dada kazi yake ni kuzunguka gari. Hata Lupita Nyong'o na Oscar yake, mwaka 2017 gazeti la Grazia la Uingereza lilimuweka kava likamfuta nywele zake za asili kwa nyuma na nyingine wakazilainisha, akalalamika hadharani ndo wakaomba radhi. Kama yule hawakumuuliza, wa kwetu wa Sinza nani atamuuliza?

Kilichonichosha zaidi ni mtoto mwenyewe. Alizipenda! Halafu usiku ananiuliza, mamdogo, hivi kuna kitu naweza kupaka nikawa hivi kweli. Mnaelewa hilo swali linampeleka wapi. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni serikali ilishapiga marufuku miaka mingi lakini mkorogo mtu akiutaka mjini anaupata, na anayemtuma akautafute ni picha kama hizi. Wenyewe wenye mitandao wanajua, nyaraka za ndani za Facebook zilizovuja 2021 zilionyesha asilimia 32 ya mabinti walisema wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram inawazidishia. Wenzetu Norway tangu 2022 tangazo lenye mwili ulioeditiwa ni lazima liandikwe kwamba limeeditiwa. Huku ata studio kumuuliza mteja bado, sembuse hiyo.

Haya, turudi kwenye huduma. Niliwarudishia, hawakugoma wala hawakuniongezea hela, kijana akaondoa yale mavitu yote akaacha kusawazisha mwanga tu, na hizo ndo picha kali kuliko zote, ngozi inaonekana kabisa ni ngozi. Kwahiyo kazi wanaiweza, tena wanaiweza sana, ndo maana inaniuma.

Binti yeye kaweka zile za kwanza profile. Kaka yake anamcheka kila siku. Mimi fremu ya sebuleni nimeweka ya pili, tunavutana hivyohivyo.

Mkienda, kabla hujalipa mwambie editor kwa mdomo wako: rangi usiguse, umbo usiguse, toa vumbi tu kwenye nguo. Muandike na WhatsApp kabisa iwe ushahidi. Jumamosi msiende, kuna foleni ya watu wa send-off, na paking ni ya kugombania na bodaboda.