Biskuti za Embe Kabla ya Basi la Shule: Miezi Minne na Kikaangio cha Hewa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, makanga wa kwanza hajaanza kugonga bati la matatu, jikoni kwangu kunanukia embe na siagi. Basi la shule huwachukua wanangu wawili saa kumi na mbili na robo. Ndani ya hizo dakika arobaini na tano, kikaangio cha hewa (air fryer) kinanitolea biskuti tano za moto zilizojazwa matunda, huku mimi nimeoga, nimewavisha watoto na nimepika chai. Nimekitumia tangu Novemba, karibu kila siku ya shule. Naandika kwa kirefu kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo kabla ya kununua, kila mtu alizungumzia vibanzi na mapaja ya kuku tu, na mimi nilitaka kujua kama kitaoka.

Kinaoka. Lakini kina tabia zake, na usipozijua utakula unga mbichi.

Tuelewane kwanza kuhusu biskuti zenyewe. Si zile za pakiti za kuchovya kwenye chai, wala si skonzi za dukani za kubandukana. Ni za mtindo wa Marekani: laini ndani kwa matabaka, zina gamba jembamba juu, na zinainuliwa na beking pauda badala ya hamira. Kule wengi hununua unga uliokwisha kukandwa, umekatwa vipande na kufungwa kwenye mkebe unaokaa kwenye friji. Wanaubandua, wanabonyeza kila kipande, wanatia matunda katikati, wanakunja na kuoka. Mkebe huo sijauona kwenye maduka ninayonunua, kwa hiyo nakanda mwenyewe, na baada ya wiki mbili niliacha hata kuutafuta. Siagi naichagua mimi, sukari naipima mimi.

Mashine ni ya lita 5, wati 1500, yenye vitufe viwili vya kuzungusha: cha juu cha joto, cha chini cha dakika. Kwenye duka moja la Luthuli Avenue walianza na 9,500, nikaondoka nayo kwa 7,800. Plagi yake ilikuwa ya miguu miwili ya duara, ambayo haiingii kwenye soketi zetu bila adapta. Tafadhali usiiwashe kwa adapta ya bei rahisi. Wati 1500 kwenye stima ya volti 240 ni zaidi ya ampea 6. Siku ya kwanza niliitumia na ekstensheni nyembamba iliyokuwa nyuma ya runinga, na baada ya dakika kumi waya ulikuwa wa moto na plastiki imeanza kulegea. Nilimwita fundi wa stima wa ploti yetu, akaniwekea plagi ya miguu mitatu ya ampea 13, na tangu hapo inachomekwa moja kwa moja ukutani. Shilingi 300 zake zihesabu kwenye bei.

Biskuti za mwanzo zilinivunja moyo. Kitabu kilichokuja na mashine kinasema vitu vya unga viokwe kwa nyuzi 180. Nilifanya hivyo: juu hudhurungi ya kupendeza, nikaipasua moja nikakuta katikati uji, na chini nyeupe, ina unyevu, kama kitumbua kisichogeuzwa. Nikaongeza dakika, juu ikaungua. Nilihangaika hivyo wiki tatu.

Aliyenifumbua macho ni mama mkwe. Alikuja kututembelea Desemba kutoka Mombasa, na kikapu cha maembe ngowe. Asubuhi ya pili akanikuta jikoni, akasimama kando yangu akaangalia mashine ikivuma, akainama akachungulia ndani nilipovuta kikapu.

"Mwanangu, makaa ya chini yako wapi?"

"Hayapo, mama. Moto wote uko juu."

"Basi unapalia juu tupu. Mkate utaivaje?"

Kila aliyekula mkate wa kumimina uliookwa kwa sufuria anajua anachosema: makaa machache chini, makaa mengi juu ya kifuniko, na ustadi wote uko katika kusawazisha hizo pande mbili. Kikaangio cha hewa ni kupalia kwa juu pekee. Koili iko juu, na feni inaisukuma hewa yake ya moto ishuke na kuzunguka ndani ya kikapu. Kibanzi au kipande cha kuku hewa hukipata pande zote. Biskuti imekalia sehemu yake ya chini, na hewa haiifikii vizuri.

Kwa hiyo niliamua kuyatafuta makaa ya chini. Sasa nawasha mashine dakika tatu kikapu kikiwa ndani, kitupu, ili chuma kipate moto kabla biskuti hazijakigusa. Nimeshusha joto hadi nyuzi 160, kwa sababu koili iko karibu sana na uso wa biskuti na huo uso huiva mbio. Zinakaa dakika 11, nazigeuza kwa kijiko cha mbao chini juu, zinakaa dakika 3 zaidi. Zikitoka, zikigongwa kwa kidole chini zinatoa sauti kavu. Nazipanga nne pembeni na moja katikati, kila moja ina nafasi ya kidole. Karatasi ya kuokea usiiweke wakati wa kupasha kikapu kitupu: feni huinyanyua ikaenda kugusa koili, na karatasi hushika moto.

Jambo la pili lilikuwa beking pauda. Mapishi mengi niliyokuta yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nairobi tuko juu, karibu mita 1,800, na hewa huku ina mgandamizo mdogo. Gesi ya beking pauda inapanuka zaidi na haraka zaidi, biskuti inavimba kabla kuta zake hazijakauka, kisha inanywea au inapasuka ubavuni na jamu yote inamwagika. Maji nayo hukauka upesi. Kwa vikombe vyangu 1½ vya unga wa ngano mapishi yalitaka vijiko vidogo 2¼ vya beking pauda. Nimepunguza hadi 1½, na maziwa nimeyaongeza vijiko viwili vikubwa juu ya nusu kikombe. Natumia maziwa lala, yanaupa unga ulaini na uchachu unaopatana na embe. Siagi gramu 60, ya baridi kabisa, nafikicha kwa ncha za vidole hadi unga uwe kama chenga za mahindi. Sukari kijiko kikubwa kimoja, chumvi kidogo. Unga na siagi nachanganya usiku nikafunika na kuweka kwenye friji. Maziwa natia asubuhi, kwa sababu beking pauda huanza kazi mara ikilowa.

Na sasa matunda, ambapo watu wengi nadhani wanakosea. Tunda bichi usitie. Embe lililokatwakatwa likiingia kwenye moto linatoa maji, maji yanakuwa mvuke, na mvuke unatafuta njia pale ulipofungia. Lipike kwanza. Embe moja kubwa linanitosha asubuhi mbili au tatu. Ngowe ni bora kuliko yote niliyojaribu kwa sababu karibu halina nyuzi na nyama yake ni ya rangi ya chungwa iliyokolea, lakini kwa mama mboga wangu mengi ni yale ya aina iitwayo apple, na ni mazuri pia yakiwa yameiva bila kulegea. Nalikata vipande vidogo kama punje za njugu, naweka kwenye sufuria na vijiko viwili vya sukari na maji ya nusu ndimu, moto mdogo. Baada ya dakika tano hivi linaachia maji yake na kuanza kutokota kwa mapovu madogo ya haraka. Hapo natia kijiko kidogo cha kornflawa kilichokorogwa kwa maji baridi. Endelea kukoroga, usiondoke. Mapovu yanabadilika: yanakuwa makubwa, mazito, yanapasuka polepole yakirusha matone. Pitisha mwiko katikati ya sufuria. Njia ikifunika mara moja, bado. Ikikaa wazi ukaweza kuhesabu moja, mbili, kabla rojo halijarudi, epua. Liache lipoe kabisa, ikiwezekana lilale kwenye friji. Rojo la moto huyeyusha siagi ndani ya unga na matabaka yote yanapotea.

Kijiko kikubwa kimoja kwa kila biskuti, si zaidi. Kunja kingo juu ya rojo, zibane, kisha iweke upande uliobanwa ukiangalia chini, kwenye kile chuma cha moto. Pale panajifunga papo hapo.

Nanasi la Thika na tangawizi ya kukuna lilifanya vizuri sana, ila linahitaji muda mrefu zaidi kwenye sufuria. Stroberi nilizipenda mimi, watoto hawakuzipenda. Mapera niliyaacha kwa sababu ya mbegu.

Gharama ya stima ilinishangaza kwa uzuri. Dakika 17 kwa wati 1500 haziwezi kuzidi yuniti 0.43, na hiyo ni kama koili ingewaka bila kupumzika, ilhali inajizima na kujiwasha. Kwa tokeni ninazonunua, hiyo ni chini ya shilingi 15. Mtungi wangu wa gesi wa kilo 6 umeachiwa chai na chakula cha jioni.

Stima ikipotea, hapo uwe macho. Kitufe cha dakika cha mashine hii kinaenda kwa springi, hakitegemei umeme. Asubuhi moja ya Januari umeme ulikatika wakati nikimvisha mdogo. Kitufe kiliendelea kuhesabu, kengele ikalia ting kwa wakati wake, nikavuta kikapu nikakuta madonge meupe ya baridi. Watoto walienda shule na mkate wa siagi siku hiyo. Mwanga wa taa nyekundu pale juu ndio wa kutazama, usiamini kengele.

Lawama yangu kubwa ni kikapu. Wiki ya sita, nikiosha kwa sponji laini kama walivyoagiza, ile rangi nyeusi ya kuzuia chakula kushika ilianza kutoka kwa vipande vidogo kwenye pembe. Sikuwahi kutumia steelwool wala uma. Nilirudi na risiti na kadi ya waranti ya mwaka mmoja, mhudumu akaniambia waranti ni ya mota na koili, kikapu hakihesabiki. Hakuniambia hivyo siku aliyopokea pesa yangu, na kwenye kadi hakuna mstari unaosema hivyo. Nilirudi mara ya pili, jibu lile lile. Hilo liliniuma na bado linaniuma, kwa sababu ni chakula cha watoto kinachokaa pale. Kabla hujalipa, uliza kikapu kinabadilishwa au kinauzwa peke yake, na uandikiwe nyuma ya risiti. Mimi kwa sasa nimenunua bati jembamba la keki la inchi 7, linakaa ndani ya kikapu, linapashwa moto pamoja nacho, na rojo likivuja halifiki kwenye rangi. Biskuti zenyewe zimeongezeka uzuri chini.

Kama mko wanne au watano nyumbani na asubuhi zenu ni za mbio, nakwambia nunua, kwa moyo mmoja. Kama unataka kuoka za kuuza kibandani, hapana. Biskuti tano kila dakika kumi na saba haziwezi kulisha foleni, na sidhani kikapu hiki kingemaliza mwaka kwa kazi hiyo. Tafuta oveni.

Mama mkwe alirudi Mombasa na biskuti nane kwenye kopo la Kimbo, na vipimo vyangu nimemwandikia kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Juzi alinipigia. Amezioka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu, rangi imetoka sawasawa pande zote mbili, lakini hazikuinuka, zimelala kama chapati nene. Tulisomeana vipimo kimoja kimoja kwenye simu, unga, siagi, maziwa, hadi tulipofika kwenye beking pauda nikakumbuka yuko wapi. Nimemwambia arudishe vijiko viwili na robo, na maziwa apunguze. Anajaribu tena Jumapili, kwa nanasi.