Uzoefu wangu: safari ya gari kwenye Puna ya Argentina, kutoka Salta hadi Salar de Arizaro

Nianze na nilicholipia. Kiti kimoja kwenye pikapu ya 4x4, dereva ambaye ndiye pia mwongoza watalii, malazi, chakula na mafuta. Njia inatoka mji wa Salta, kaskazini magharibi mwa Argentina, inapanda Puna, yaani nyanda za juu kame za Andes, hadi kijiji cha Tolar Grande, inaingia kwenye uwanda wa chumvi wa Arizaro, kisha mnarudi. Kampuni siitaji. Zipo nyingi pale Salta na nyingi zinauza njia ileile kwa ratiba inayofanana. Dereva nampa nyota tano. Ratiba naipa mbili, na nitaeleza kwa nini.

Kipeperushi kilijaa picha za chumvi nyeupe na anga la buluu, na maneno ya kumvuta mpenda upweke: utupu, ukimya, mwezini. Ukienda kwa ajili ya picha utazipata. Lakini kama dereva wako ni mtu wa kukodishwa mjini ambaye anajua barabara tu, utarudi na picha nzuri za mawe usiyoyajua. Sisi tulipata mzee wa Kikolla, watu wa asili wa nyanda hizi, mzaliwa wa mji wa San Antonio de los Cobres, na kwa maoni yangu nusu ya pesa yangu ilikuwa halali yake.

Saa za mwanzo ndizo zinazofundisha jiografia. Salta iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kuna mashamba ya tumbaku na vilima vyenye msitu. Barabara namba 51 inaingia bonde jembamba liitwalo Quebrada del Toro na kuanza kupanda, na kijani kinaanza kupotea. Inakuja midungusi mirefu ya cardón, imesimama milimani yenyewe kwa yenyewe, halafu nayo inakoma. Zinabaki nyasi ngumu za njano na vichaka vya tola. Sababu ni upepo. Hewa yenye unyevu inayotoka upande wa Amazon na Atlantiki hugonga kuta za mashariki za Andes, hupanda, hupoa na kumwaga mvua hukohuko chini. Upande wa pili, mkondo baridi wa Humboldt huipoza hewa ya Pasifiki, na mawingu yake hubaki chini karibu na pwani. Puna imekaa katikati, imenyimwa na pande zote mbili.

Na maji kidogo yanayopatikana hayaendi baharini. Mabonde ya huku yamefungwa kila upande na milima na volkano, kwa hiyo theluji ikiyeyuka inaosha madini ya miamba, inatiririka hadi mahali pa chini kabisa, inakauka kwa jua. Kinachobaki ni chumvi, borati na lithiamu. Anayelijua Ziwa Natron au Magadi ataelewa haraka, maana ni habari ileile ya maji yasiyo na pa kutokea, hata flamingo wapo, ingawa ni wa aina nyingine. Tofauti ni baridi. Huku mchana unavua koti, usiku maji yanaganda kwenye chupa.

Sasa ratiba. San Antonio de los Cobres iko mita 3,775. Mtu mwenye busara angelala hapo. Sisi tulikula tambi haraka haraka na siku hiyohiyo tukavuka Alto Chorrillo, mita 4,560. Kwenye mita 4,000 pumzi moja inakupa takriban asilimia 60 ya oksijeni unayoipata ukiwa pwani, na mwili uliotoka chini asubuhi haujapata muda wa kujipanga. Mpagazi yeyote wa Kilimanjaro angeuliza hawa watu wana haraka gani. Abiria mmoja alitapika mara mbili, mimi nilipata maumivu ya kichwa ambayo sitaki kuyakumbuka, na mtungi wa oksijeni ulipotolewa nyuma ya gari, kinyago chake kilikuwa kimepasuka. Dereva alikishikilia kwa mkono hadi yule mwenzetu akapata nafuu. Kwa hili siisamehi kampuni. Majani ya koka tuligawiwa, kuyatafuna ni halali Argentina na kwa watu wa Puna ni jambo la kila siku, lakini majani si badala ya usiku mmoja wa kulala. Afadhali Tolar Grande iko chini zaidi, karibu mita 3,500, na huko ndiko tulikopata usingizi.

Njiani kitu kilichonirudishia moyo ni reli. Inaitwa C-14, inatoka Salta hadi Socompa kwenye mpaka wa Chile. Ujenzi ulianza 1921 ukamalizika 1948. Mhandisi wake, Mmarekani Richard Maury, hakutaka reli ya meno, ile ambayo gurudumu lenye meno huivuta treni mlimani. Alipandisha treni kwa kuizungusha mlimani, na penye ukuta mkali akaweka zigizaga: treni inakwenda mbele, inasimama, inarudi kinyumenyume ikiwa juu zaidi, inakwenda tena. Daraja la La Polvorilla liko mita 4,220 juu ya bahari, urefu wake mita 224, kimo chake mita 63. Treni ya watalii, Tren a las Nubes, hufika hapo na kugeuza. Anayependa kukaa dirishani akinywa chai apande treni hiyo. Mwenye gari anaendelea pale treni inapoishia, na kwa saa nyingi unaona tuta la reli likipita peke yake jangwani, stesheni zisizo na abiria, mbao za majina ambazo rangi imeng'olewa na upepo.

Waongoza watalii wengi hupenda kusema kwamba Josip Broz Tito, yule aliyekuja kuiongoza Yugoslavia, alikuwa kibarua kwenye ujenzi huu. Dereva wetu alituhadithia kwa sababu tuliuliza, halafu akacheka akasema hajawahi kuona karatasi hata moja ya kuthibitisha. Nilimwamini zaidi kwa mengine kwa sababu ya kicheko hicho.

Tolar Grande tulilala kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja wa kijiji. Vyumba vidogo, mablanketi mazito, bafu lenye maji ya moto kwa saa chache tu za jioni. Supu ya kwinoa, nyama ya lama iliyopikwa na viazi. Nyama ya lama haina mafuta mengi, ikipikwa na mtu asiyejua inakuwa ngumu, ya mama yule ilikuwa laini. Baada ya kula dereva akachukua vipande vitatu vya mkate akavipanga mezani: huyu Bolivia, huyu Chile, huyu Argentina.

Puna hii ilihesabiwa kuwa ya Bolivia, pamoja na kipande cha pwani ya Pasifiki ambako kulikuwa na shaba na hasa nitrati, iliyokuwa mbolea na malighafi ya baruti. Bolivia ilipojaribu kuitoza kodi kampuni ya nitrati yenye mtaji wa Chile, mwaka 1879 jeshi la Chile likatua kwenye bandari ya Antofagasta na Vita vya Pasifiki vikaanza. Bolivia ikapoteza pwani yake yote, na Chile ikajikuta inashikilia pia sehemu ya Puna. Hapo Bolivia ikafanya ujanja: mwaka 1889 ikakubaliana na Argentina iichukue Puna, na Argentina nayo iache kudai eneo la Tarija. Yaani walimpa jirani shamba ambalo jirani mwingine tayari alikuwa amelikalia. Chile na Argentina zikakaribia kupigana. Mwishowe suala likaamuliwa mwaka 1899 kwa usuluhishi wa William Buchanan, balozi wa Marekani mjini Buenos Aires, na zaidi ya robo tatu ya eneo ikaenda Argentina. Ndiyo maana mpaka wa hapo kwenye ramani una mistari iliyonyooka, ukikimbia kutoka kilele hadi kilele. Mwaka uliofuata Argentina ikaunda eneo la kitaifa liitwalo Los Andes, makao makuu San Antonio de los Cobres, likadumu hadi 1943 lilipovunjwa na kugawiwa majimbo ya Jujuy, Salta na Catamarca.

Mwenzetu mmoja akauliza kama Wakolla waliulizwa. Dereva akala kipande cha Argentina.

Alitueleza pia kuhusu wachunga misafara waliopita hapa kabla ya reli, wakiswaga ng'ombe kutoka Salta kuvuka Puna hadi kwenye machimbo ya nitrati upande wa Chile, ambako hakuna nyasi na maelfu ya wachimbaji walihitaji nyama. Ng'ombe walipigwa njumu miguuni kama farasi ili kwato zisikatwe na mawe na chumvi. Kwangu mimi, habari hiyo ilizidi picha zote za kipeperushi.

Asubuhi tukaingia Arizaro. Ni uwanda wa takriban kilomita za mraba 1,600, na wapiga picha wajue mapema: sehemu kubwa si nyeupe wala laini. Ni kahawia, imevimba na kupasuka, mfano wa shamba lililolimwa likagandishwa. Barabara inapita katikati yake na huruhusiwi kutoka nje, si kwa sheria tu, matairi yatakatika. Mwisho wake umesimama Cono de Arita, koni ya mawe meusi yenye kimo cha zaidi ya mita mia moja, imechongeka kwa unadhifu kiasi kwamba wageni wengi hudhani ni piramidi iliyojengwa. Ni ya asili. Hapo tulipewa muda mrefu mno, upepo ukitupiga. Muda huo ningeupeleka Ojos de Mar, madimbwi madogo ya buluu karibu na kijiji ambamo vijidudu vinajenga matabaka ya mawe polepole, jamaa wa viumbe wa mwanzo kabisa duniani. Tulipitishwa pale mbiombio. Usikanyage ukingo, unavunjika na chini yake kuna kina.

Sehemu ambayo ningeilipia hata peke yake ni La Casualidad. Ulikuwa mji wa mgodi wa salfa wa serikali. Salfa ilichimbwa Mina Julia, juu ya mita 5,000, ikashushwa kwa ndoo zinazoning'inia kwenye waya, ikasafishwa mjini, kisha malori yakaipeleka stesheni ya Caipe kupanda treni. Palikuwa na shule, kanisa, sinema. Mwaka 1979, wakati wa utawala wa kijeshi, mgodi ulifungwa na watu wakaondoshwa. Nyumba zimebaki bila mapaa. Tulizunguka tukipishana bila kuongea sana. Kampuni nyingine huiacha kwa sababu ni mbali na barabara ni mbovu; uliza kabla hujalipa.

Kutoka huko, hewa ikiwa safi, unauona Llullaillaco, mita 6,739. Karibu na kilele chake, mwezi Machi 1999, wanaakiolojia Johan Reinhard na Constanza Ceruti walifukua miili ya watoto watatu waliotolewa kafara na Wainka, watu wa dola ya kale ya Andes, yapata miaka 500 iliyopita, imehifadhiwa na baridi hata nywele zimesukwa vilevile. Sasa wako Salta, kwenye MAAM, makumbusho ya akiolojia ya milima mirefu, katika vyumba vya baridi kali, na huonyeshwa mmoja mmoja kwa zamu. Wapo wenyeji wasiofurahia hilo, na mimi mwenyewe niliingia nikatoka upesi. Lakini makumbusho yanaeleza vizuri jinsi barabara za Wainka zilivyopita huku na kwa nini milima iliabudiwa. Kampuni iliyaweka siku ya mwisho. Yaombe yawe ya kwanza, mlima utauona kwa macho mengine.

Barabarani mtapishana na magari ya kampuni za madini, mengi kuliko ya watalii. Lithiamu ya Salar del Hombre Muerto, kusini zaidi, inachimbwa tangu miaka ya 1990, na tangu dunia ianze kutaka betri za magari, kila uwanda wa chumvi una watu wenye kofia ngumu. Kijijini kuna wanaoshukuru kwa ajira na kuna wanaohesabu visima. Mwezi Machi 2024 mahakama kuu ya Catamarca ilisimamisha vibali vipya kwenye mto Los Patos wa eneo hilo hadi athari zote zipimwe kwa pamoja. Dereva ana mtoto anayefanya kazi mgodini na ng'ombe wachache wanaokunywa mtoni. Hakusema yuko upande gani.

Kwa anayetaka kwenda: epuka Januari na Februari, mvua chache za mwaka hunyesha wakati huo na maji hukata barabara. Beba pesa taslimu, mafuta ya midomo na miwani ya jua ya kweli, mwanga unaorudi kutoka kwenye chumvi unachoma macho. Mtandao wa simu usiutegemee baada ya San Antonio. Kabla ya kulipa ulizia mambo matatu: usiku wa kwanza mnalala wapi, dereva ni mwenyeji wa wapi, na waambie wakuonyeshe mtungi wa oksijeni pamoja na kinyago chake.