Paneli za mapambo ukutani: mapokezi safi, chumba cha dresingi majanga matupu

Naandika hii bado nimefura kwa hiyo nikirukaruka mnisamehe. Sitaongelea unene wala wana rangi ngapi, hayo yote yamo kwenye katalogi ya hii kampuni iliyotuuzia paneli na katalogi yao ni nzuri kweli, wala sio katalogi iliyonikera. Kilichonikera ni kijana wao wa mauzo aliyesimama katikati ya chumba chetu cha dresingi, kile cha kufungia vidonda, akamwangalia mama wetu wa usafi kuanzia juu mpaka chini, halafu akasema mbele ya wagonjwa na manesi kwamba paneli zimeharibika kwa sababu "huyu anamwaga maji kama anaosha gari". Huyu! Mtu wa umri wa mama yake mzazi, anamwita huyu.

Sasa nirudi nyuma kidogo ili mnielewe. Mimi ndo nasimamia mambo ya majengo kwenye kituo chetu cha afya, kituo kidogo tu, kuta za zamani, tailizi zimepasuka na katikati ya tailizi pameshakuwa peusi kiasi kwamba hata usugue vipi haparudi, rangi ya mafuta inabanduka vipande vipande. Tulikuwa tunakarabati kwa awamu huku huduma zinaendelea, na hapo ndo hizi paneli zinapovutia, kwamba unabandika juu ya ukuta uliopo, hubomoi, hupigi lipu upya, vumbi linakuwa dogo na kazi inaisha haraka. Na kusema kweli hiyo sio uongo. Sehemu kubwa ya walichoahidi ni kweli na ndo maana inaniuma zaidi.

Tulichukua aina mbili. Kwenye korido tuliweka zile bapa za PVC, yaani plastiki ngumu, laini kabisa, hazina urembo wowote. Mapokezi tukaweka zile za mistari mistari kama mbao, ndani MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa, juu zimevikwa ngozi nyembamba ya plastiki yenye picha ya mbao. Chumba cha dresingi kwenye oda kilikuwa bapa, nimeandika mwenyewe, ipo. Siku ya kufunga kijana akasema bapa zimepungua stoo ila zipo za mistari, bei haibadiliki, "na hizi ni daraja la hospitali kabisa mama, wala usiwe na wasiwasi". Nikamuuliza pale pale, hii inakaa na maji? Kuna sinki hapa, kuna damu, kuna dawa, ukuta unafutwa kila siku. Akajibu, na ujumbe wake wa simu ninao hadi leo: "Hata ukiizamisha haina shida." Hata ukiizamisha. Shikeni hilo neno.

Miezi haikuwa mingi. Nesi mmoja akanishika mkono akaniambia njoo uone huku chini ya sinki. Nikainama. Chini kabisa, pale paneli inapokutana na sakafu, ile ngozi ya plastiki imejikunja kwa nje na nyuma yake MDF imevimba, mistari iliyokuwa imenyooka imekuwa minene chini na myembamba juu. Nikabonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Kikatoka na unga wa kahawia, umelowa, unanuka uvundo. Kwenye chumba cha kufungia vidonda jamani. Pale bomba la sinki linapoingia ukutani ndo pabaya zaidi, walitoboa tundu kubwa kuliko bomba, wakaacha ukingo uko wazi mtupu, hamna silikoni hata tone, wakafunika na kile kikombe cha chrome kinachozunguka bomba kwa hiyo mtu huoni. Nikakivuta kikombe, nyuma yake tayari kuna ukungu mweusi.

Mtu yeyote anayejua MDF anajua kwamba usoni inaweza kuvumilia lakini ukiikata, ule ukingo uliokatwa unanyonya maji, maana ndani ni nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, zikilowa zinavimba na zikivimba hazirudi. Kwa hiyo hata kama mtu ataamua kuiweka karibu na maji, kitu ambacho hakipaswi, basi angalau kingo zote zizibwe. Hawa wamekata, wamebandika, wameondoka. Halafu ile mistari yenyewe! Hebu wewe chukua kitambaa upitishe kwenye mistari ya kina cha kidole, kitambaa kinapita juu juu tu, mabonde yanabaki na kila kilichorukia humo. Kwenye mapokezi vumbi la kwenye mabonde ni kero tu, unavuta na vacuum. Kwenye dresingi ni usaha na damu.

Haya, nikawapigia. Kupokea kwao wanapokea vizuri, sauti tamu, tunakuja kesho. Kesho yao mnaijua. Akaja hatimaye huyo huyo kijana, viatu vinang'aa, hana hata bisibisi. Akatoa kitambaa mfukoni, akafuta paneli moja ya juu, ile ya mbali na sinki, akasema mbona hii iko poa. Nikamwambia inama. Hakuinama. Akasimama pale pale akauliza nani anasafisha hapa. Mama wa usafi alikuwa mlangoni na ndoo yake, akasema ni mimi. Ndo hapo alipotoa ile kauli ya kuosha gari, na akaongeza kwamba paneli za mapambo zinafutwa kwa kitambaa kikavu au chenye unyevu kidogo, iko kwenye maelekezo ya matunzo.

Mama wa watu hakupandisha sauti. Akaonyesha karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango akasema, "Mimi nafuata hii, mwanangu." Karatasi inasema klorini asilimia 0.1 kwa kufuta kawaida na asilimia 0.5 damu ikimwagika nyingi, ambavyo ndo hivyo hivyo WHO wanavyoelekeza, na inasema dawa iachwe ikae kwanza ndo ifutwe. Yaani ukuta LAZIMA ubaki umelowa kwa muda, maana dawa ukiipaka na kuifuta hapo hapo haiui kitu. Sasa huo sio uzembe wa msafishaji, hiyo ndo kazi yenyewe! Nesi akadakia, "Kaka, damu ikirukia hapo unataka niifute na kitambaa kikavu?" Akakosa jibu. Akaangalia simu yake. Akasema ataripoti ofisini.

Na hapa ndo nashindwa kuwaelewa watu wa biashara hii. Ungesema tu "samahani, tulileta aina isiyofaa, tutabadilisha," mimi nisingekuwa hapa naandika. Kosa la mzigo hutokea. Lakini kumtwika mzigo mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wote ndani ya jengo zima, mbele za watu, ili wewe usionekane, hapana.

Ila ngoja niseme haki. Zile bapa za korido ni nzuri mno, na hapa natamani kuwapa nyota tano hadi najishangaa. Alikuja kuzifunga fundi mwingine kabisa, mzee mkimya, na yule mzee alitutesa kwa utaratibu wake. Kwanza alikataa kubandika siku mzigo ulipofika, akazilaza paneli ndani ya korido zilale humo kwanza zizoee joto la chumba, watu wanazikwepa na viti vya magurudumu, mimi nanung'unika. Akanieleza, PVC inatanuka joto likipanda, karatasi ya mita 3 joto likibadilika digrii 20 inaweza kurefuka kama milimita 4 hivi, kwa hiyo ukiibananisha kutoka kona hadi kona itatafuta pa kwenda, itatuna tumbo katikati. Akaacha nafasi ndogo pembeni kote, akaziba kwa silikoni, kona hakuweka kiungo bali aliikunja paneli yenyewe kwa moto ikapinda, hakuna mshono wa kuingiza maji. Sehemu moja ukuta ulikuwa umepigwa lipu juzi juzi akagoma kabisa, akasema lipu haijakauka, ukifunika unafungia unyevu ndani na ukungu utakula huko nyuma usione. Tukasubiri. Leo hii machela zinagonga, ndoo zinarushwa maji, watoto wanachora na kalamu, unafuta inatoka. Pia aliweka bampa usawa wa machela na vyuma kwenye kona za nje bila kuambiwa. Angefunga yule mzee dresingi hii habari isingekuwepo, angekataa zile za mistari mlangoni.

Na mapokezi pia siwezi kudanganya, pamependeza. Watu wanapiga picha pale. Hata kelele zimepungua, maana zile tulizoweka pale zina kitambaa kizito nyuma na mistari inavunja mwangwi. Kwa hiyo kama una ofisi, saluni, ukumbi, sehemu kavu, chukua tu, nadhani hutajuta.

Nadhani. Maana kuna hili la moto, nikikumbuka hasira inarudi upya. Baada ya ule ugomvi nikaanza kupekua makaratasi yao yote, nikaomba cheti cha moto cha paneli za mistari. Wakanitumia haraka sana, B-s3,d0, mhuri, kila kitu. Nikasoma jina la bidhaa. Ni la zile bapa za PVC! Cheti cha bidhaa nyingine! Kwa wasiojua, kipimo hicho cha Ulaya kinaanzia A1 kisichowaka hadi F, ile s ni moshi na s3 ndo moshi mwingi kuliko, na d ni matone yanayodondoka yakiwaka, d0 maana yake hayadondoki. MDF ya kawaida isiyotiwa dawa ya moto kwa kipimo hicho hicho huwa D-s2,d0, chini ya B madaraja mawili. Nilipowauliza za mistari ziko wapi, kimya. Hadi leo naandika, kimya. Sasa mapokezi ndo njia ya watu kutokea nje kukiwa na dharura, na kuna mgonjwa hawezi hata kutembea. London mwaka 2017 jengo la Grenfell Tower liliungua likaua watu 72, zile zilikuwa paneli za nje na aina tofauti kabisa, najua, sifananishi ukuta wetu na ule, lakini tangu wakati ule mtu anayeuza paneli za aina yoyote akinitumia cheti kisicho cha bidhaa yake mimi namwona ananichezea roho za watu. Kwa hiyo ile "chukua tu" niliyosema juu, naifuta nusu. Chukua ukishaona cheti chenye jina la bidhaa ile ile unayobandikiwa.

Halafu kuna vumbi, nisisahau. Vijana waliofunga dresingi walikuwa wanakata paneli kwa msumeno wa umeme ndani ya korido, hawajatandika hata nailoni, wagonjwa wamekaa kwenye benchi wanakohoa. Matron akawatoa nje na mashine yao. Vumbi la ujenzi kwenye jengo la afya sio uchafu wa kupangusa tu, linabeba vijidudu vya fangasi kama Aspergillus, na mgonjwa mwenye kinga dhaifu akivuta huko anaweza kuugua kweli. Wao wenyewe wanajitangaza ni wataalamu wa hospitali. Wataalamu gani hawajui kutandika nailoni na kuziba mlango?

Sasa hivi tumeng'oa zote za dresingi. Kung'oa nako ni kilio, gundi imeshika vizuri ajabu, inatoka na lipu. Nyuma ya sinki ukuta ni mweusi hadi usawa wa kiuno. Vidonda vinafungwa kwenye kachumba ka sindano, foleni inafika nje. Nikawauliza kuhusu garantii, wakaniletea karatasi inayosema inahusu rangi kupauka na ngozi kubanduka "kwenye mazingira makavu ya ndani". Makavu! Na mimi nina ujumbe wa hata ukiizamisha. Wakasema ujumbe wa simu sio mkataba. Wakatoa ofa ya punguzo kwenye oda ijayo, oda ijayo ipi jamani.

Nilipanga kutoa nyota tatu kwa ajili ya korido na yule mzee. Nikashuka hadi mbili kwa ajili ya dresingi. Nilipofika kwenye kile cheti nikashuka hadi moja, na ingekuwepo nusu ningeweka nusu, halafu namkumbuka mzee wa watu na bapa zake nahisi namwonea. Basi moja na nusu, mfumo ukikataa wahesabu wenyewe. Mzee kama bado yuko kwao wampe cheo.

Jana kumekuja barua pepe kwa uongozi, "pole kwa usumbufu uliojitokeza". Kwa uongozi. Mama wa usafi hajatajwa popote. Hela tutabishana nao, kuna watu wa kubishana, mimi ninachodai hapa ni kimoja, yule kijana arudi asimame pale pale aliposimama, mbele ya walewale manesi, amwombe mama radhi kwa mdomo wake. Akifanya hivyo nitarudi kurekebisha nyota, ila ya cheti cha moto siigusi mpaka nione karatasi.