Tahadhari kwa wakaazi wa Pemba: wanaopita majumbani wakisema "hameni ZECO, mhamie kwetu"

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaandika haya kwa sababu jirani yangu, mama mtu mzima na mjane, amepoteza shilingi 480,000 za karafuu zake, na kwa sababu mimi mwenyewe nilikwisha kufungua kabati nitoe zangu. Watu waliotujia, wakitutaka tuliache Shirika la Umeme Zanzibar (ZECO) tuhamie kwao, bado wanazunguka vijijini, na msimu huu wanajua kwamba fedha zipo majumbani.

Walikuja Wete siku ya Alkhamisi baada ya alasiri, vijana wawili waliovaa vizuri, kila mmoja na kitambulisho kilichoning'inia shingoni na mkubwa wao akiwa na kishikwambi mkononi. Karafuu zangu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi mbele ya nyumba, nao walipita pembezoni kwa uangalifu bila ya kukanyaga hata chembe moja, wakapiga hodi kama inavyotakiwa, wakasubiri mpaka nilipowakaribisha barazani. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu tunamtarajia tapeli awe mtu wa papara na lugha mbovu, na hawa walikuwa na adabu ambayo ningependa wanafunzi wangu wawe nayo.

Walichokisema ni hiki. Soko la umeme Zanzibar limefunguliwa, kila kaya sasa ina haki ya kuchagua shirika linaloihudumia, na shirika lao jipya linawapokea wateja wa mwanzo wa Pemba kwa bei ya nusu. Ukihamia kwao huna haja ya kununua tena umeme wa TUKUZA, yaani huu wa kulipia kabla ya kutumia, umeme haukatiki, na gharama zako kwa mwezi zinajulikana tokea mwanzo. Kianzio ni shilingi 480,000, kisha 45,000 kila mwezi. Nilipouliza kama watatandika nyaya mpya, yule mkubwa alijibu kwamba nyaya ni zile zile na kinachobadilika ni "mtoaji wa huduma" tu. Nilipouliza tena baada ya muda, akasema wataleta paneli za sola na betri. Majibu hayo mawili hayawezi kuwa ya kweli kwa pamoja, na mimi niliyaitikia yote mawili kwa kichwa bila ya kuyaweka upande kwa upande.

Ni lazima nieleze kwa nini maneno yao yaliniingia, kwa sababu nadhani yatawaingia na wengine. Kwanza, walitukumbusha giza. Sisi wa Pemba tunaikumbuka hali ya kabla ya mwaka 2010, tulipokuwa tukitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, mpaka ulipofika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Ndugu zetu wa Unguja nao wanaikumbuka miezi mitatu ya giza kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wakati njia ya umeme inayovuka bahari kuingia Fumba ilipoharibika. Kijana yule aliyataja yote hayo kwa ufasaha, kisha akanyamaza kidogo ili yazame moyoni. Mtu aliyewahi kumwaga samaki waliooza kwa kukosa barafu hahitaji kushawishiwa sana baada ya hapo.

Pili, ninaye kaka yangu anayeishi Uingereza, na alikwisha kunisimulia kwamba kule mwenye nyumba anaweza kuiacha kampuni moja ya umeme na kwenda nyengine bila ya waya wowote kuguswa. Hilo ni kweli kwa Uingereza. Kule zipo kampuni nyingi zinazowauzia watu umeme huo huo unaopita katika nyaya hizo hizo, upo mdhibiti wa serikali anayeitwa Ofgem, na mtu akitia saini mkataba mlangoni kwake hupewa siku 14 za kubadilisha mawazo bila ya kulipa faini. Kwa hiyo niliposikia neno "kuhama" sikulishangaa, nililiona kama jambo la wenzetu ambalo hatimaye limetufikia na sisi.

Halijatufikia. Hapa Zanzibar umeme wa gridi unasambazwa majumbani na shirika moja tu, nalo ni Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, ambalo sehemu kubwa ya umeme wake linaununua Tanzania Bara na kuupokea kwa nyaya za chini ya bahari, ule wa Fumba kwa Unguja na ule wa Tanga kwa Pemba. Hakuna kampuni ya pili unayoweza kuhamia ukabaki na nguzo ile ile na mita ile ile. Mtu akikwambia "hama", ama hajui anachokiuza, ama anajua na anakuficha. Anachokiuza ni bidhaa, yaani paneli, betri na inveta, tena kwa mkopo wa miaka mitatu, na analiita jambo hilo kuhama shirika ili usiulize maswali ambayo ungemuuliza muuza duka.

Niliwaomba waniachie karatasi za mkataba nizisome usiku, waje asubuhi. Walikataa. Yule mkubwa akaniambia, "Mwalimu, nafasi za bei hii zinafungwa leo magharibi, nisije nikakukosesha." Hapo ndipo nilipoinuka kwenda kabatini, na aibu ya jambo hilo ninayo mpaka leo. Nilirudi na simu pia, kwa sababu walisema fedha taslimu hawapokei, zitumwe kwa simu. Wakati huo yule mdogo alikuwa tayari anataka kukipiga picha kitambulisho changu cha Mzanzibari Mkaazi na kuandika nambari ya mita yangu. Niliingiza nambari waliyonipa, na kabla ya kuthibitisha malipo simu ikanionyesha jina la mpokeaji, likawa jina la mtu binafsi, wala halikufanana na majina yaliyoandikwa kwenye vitambulisho vyao. Nikauliza huyu ni nani. Akajibu, "Huyo ni mhasibu wetu." Nikafuta. Sikuwa na ujuzi wowote zaidi ya huo. Ni jina tu lililonisimamisha.

Jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, alikuwa ameshalipa saa moja kabla.

Vifaa vyake vililetwa baada ya wiki tatu na gari ya kukodi, na ninataka kuvieleza kwa urefu kwa sababu mtu yeyote anaweza kuvipima kama tulivyovipima sisi. Betri iliandikwa volti 12 na ampea-saa 100. Betri ya risasi ya ukubwa huo huwa na uzito wa karibu kilo 30, mtu mzima huinyanyua kwa mikono miwili na kuitua upesi. Hii ilibebwa kutoka barazani hadi ukumbini na mjukuu wake wa darasa la tatu, peke yake, huku anazungumza. Paneli nayo ilikuwa na karatasi nyuma yake inayosema wati 300. Jirani yangu ni mshonaji, basi alichukua futi yake ya kupimia nguo, tukaipima pamoja: mita moja kwenda urefuni, na sentimita 67 kwenda upana. Paneli nzuri za siku hizi, jua likiwa kali la saa sita mchana, hutoa takriban wati 200 kwa kila mita moja ya mraba. Eneo la paneli ile ni kama theluthi mbili za mita ya mraba. Kwa hiyo hata ingekuwa nzuri kama hizo ingetoa kama wati 130 tu, na karatasi ya wati 300 ilibandikwa kwa ajili ya macho yetu.

Sasa hesabu ya friza, kwa sababu friza ndiyo iliyomfanya alipe. Anauza barafu na juisi ya ukwaju kwa watoto wa skuli, na alimuuliza yule kijana mara mbili kama friza itafanya kazi usiku na mchana, naye akamjibu, "Bibi, hata mbili." Uniti moja tunayoinunua kwenye TUKUZA ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Friza ya sanduku katika joto letu hula uniti moja hadi mbili kwa siku. Paneli ya wati 130, kwa siku ya jua zuri, huleta nusu uniti na kidogo, na siku za masika ni chini zaidi. Betri hata ingekuwa ya kweli ingehifadhi uniti moja na ushei, na betri za risasi hazifai kunyonywa kupita nusu yake kwa sababu hufa mapema, hivyo inabakia kama nusu uniti ya kupita usiku kucha. Friza yake ilinyamaza siku ya mwanzo baada ya isha. Asubuhi nilimkuta anamimina juisi kwenye mtaro wa uwanja, chupa baada ya chupa, na hakusema neno.

Lililokuwa baya zaidi lilikuja pale alipotaka kurudi kwenye umeme wake wa kawaida. Siku ya kufunga vifaa, fundi wao alikuwa amekata waya unaotoka kwenye mita kuingia ndani, akavunja na muhuri, akimwambia kwamba "sasa huko umeshatoka". Mita si mali yetu, ni mali ya shirika, na kuvunja muhuri wake ni kosa ambalo swali lake humwangukia mwenye nyumba. Tafadhalini, yeyote atakayekuja kwa jina lolote akitaka kuigusa mita yenu bila ya nyinyi kuwa mmeomba huduma ZECO, mzuieni mlangoni.

Mkataba nimeusoma sasa, baada ya mambo kuharibika. Una kurasa mbili za Kiingereza, lugha ambayo aliyetia saini haisomi. Unasema malipo ni ya miezi 36, na ukijumlisha na kianzio inakuwa shilingi 2,100,000 kwa vifaa ambavyo nimeshavieleza. Unasema vifaa vinabaki kuwa vyao mpaka shilingi ya mwisho, kwamba vinaweza kuzimwa kwa mbali ukichelewa kulipa siku saba, na kwamba ukivifungua dhamana imekufa. Hakuna popote palipoandikwa habari ya kuhama, wala nusu bei, wala friza. Risiti yake ni kipande cha daftari kilichoandikwa kwa mkono.

Sisemi kwamba sola ni mbaya. Ami yangu yuko shamba ambako nguzo hazijafika, ana taa nne na redio kwa miaka kadhaa sasa, na vifaa vyake alivinunua dukani kwa mtu anayemjua na anayemrudia kikiharibika kitu. Mkopo wa sola nao si haramu kwa wenyewe. Ninachokikataa ni mtu kumwambia mjane kwamba anabadilisha shirika la umeme, hali ya kuwa anamtia kwenye deni la milioni mbili.

Akija mtu kwenu, mwulizeni kama ameripoti kwa sheha wa shehia yenu, kisha mpigieni sheha simu yeye akiwa bado amekaa hapo. Sheha wetu alipoulizwa hakuwa na habari nao kabisa. Jina la kampuni linaweza kuulizwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Masuala ya umeme yana mdhibiti wake, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati Zanzibar, ZURA, na malalamiko ya mlaji aliyedanganywa yanapokelewa na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Karatasi wanazokupa zilale kwako usiku mmoja, azisome mtu unayemwamini. Kwa aliyekwisha kulipa, asifute ujumbe hata mmoja kwenye simu yake, aende kwa kampuni ya simu siku hiyo hiyo kuulizia kama muamala unaweza kuzuiwa, na aandikishe polisi hata kama anaona haya. Jirani yangu aliona haya kwa siku kumi na moja, na siku kumi na moja hizo ndizo zilizotosha nambari ile kutopatikana tena.

Jana shemegi yangu amenipigia kutoka Konde. Anasema vijana wawili wenye kishikwambi wamepita nyumba za jirani zake, wamevua viatu, wamesalimia vizuri, na wamewaambia watu kwamba bei ya nusu inafungwa Ijumaa magharibi.