Seti ya kumsaidia nyoka kujivua gamba: vitu vitatu, kilichofaa ni kimoja

Niliinunua seti hii Januari kwa dola 29, baada ya chatu wa mwanangu kukwama na gamba nusu mwilini nami sijui nianzie wapi. Jina la kampuni silitaji, maana seti za namna hii zinauzwa na wengi na ukizifungua zinafanana. Ndani mna chupa ya dawa ya kupulizia, kipima unyevu cha mshale, na mfuko wa kuvumwani kavu, ile mimea laini ya majimaji inayokaushwa na kushindiliwa. Vyote nimevitumia.

Mjue kwanza tunakaa wapi. Tuko Saint Paul, Minnesota. Mwezi wa Januari huku nje ni barafu tupu, na ndani hita inaunguruma usiku kucha. Mimi mtu wa Tanga, nimekulia kwenye hewa ya bahari, chumvi ukiiacha wazi inalowa yenyewe. Huku mikono inapasuka, midomo inachanika, na kanga ukiitoa kwenye mashine ya kukaushia inarusha cheche. Mimi ninayejipaka mafuta asubuhi na jioni nateseka hivyo, seuze nyoka.

Nyoka mwenyewe ni yule chatu mdogo ambaye Wamarekani wanamwita chatu mpira, kwa sababu akiogopa hujiviringa akaficha kichwa katikati. Kwao ni Afrika, kuanzia Senegali hadi Uganda, na mchana hujificha kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, mahali penye joto na unyevu. Mwanangu ana miaka 15, alimpata kwa rafiki yake aliyehama mji. Tunamwita Mkeka, kwa jinsi mabaka yake meusi na ya kahawia yalivyokaa kama ukili uliotiwa rangi.

Ilianza vizuri tu. Rangi ikafifia, macho yakawa na utando wa bluu kama maziwa yaliyotiwa maji, akamkataa panya wake wa kula. Hapo hakuna la kuogopa, ni majimaji yanayoingia kati ya gamba la zamani na jipya. Baada ya siku chache macho yakatakata tena, na hiyo ndiyo dalili kwamba kazi imekaribia. Nyoka aliye sawa hujisugua pua kwenye kitu kigumu, gamba likaanza kuachia mdomoni, naye akalitoka lote kwa mkupuo, likabaki limegeuka ndani nje kama soksi. La Mkeka halikutoka hivyo. Asubuhi nilikuta vipande vimetapakaa kama maganda ya kitunguu. Mgongoni gamba limeganda, ncha ya mkia imevaa pete tatu za ngozi kavu, na jicho la kushoto bado la kijivu.

Dawa ya kupulizia tuliitumia siku nne mfululizo, kama chupa inavyoelekeza. Gamba lilikuwa linalainika, nusu saa likakauka tena vilevile. Sikuona lolote lililofanywa na dawa hiyo ambalo maji ya bomba yasingelifanya. Hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko zote kwenye seti, na kwangu haina kazi.

Kipima unyevu ndicho kilichoniuma. Tulikibandika ndani ya tangi la kioo, mshale ukasoma 60, tukatulia. Kwa chatu huyu asilimia 60 inatosha siku za kawaida, na akiwa anajivua unataka 70 na kitu. Kwa hiyo siku zote nne tulikuwa tunajiuliza maradhi gani yamempata, kumbe mshale unadanganya. Nilikuja kugundua kwa chumvi. Ukichukua kifuniko cha chupa ya soda, ukatia chumvi ya mezani, ukadondoshea maji kidogo tu iwe kama uji mzito, ukakifunga pamoja na kipima ndani ya mfuko wa plastiki wa zipu kwa usiku mzima, hewa ya humo inafika asilimia 75 au karibu yake. Asubuhi mshale ulikuwa palepale, 60. Nikautoa nikauweka mezani karibu na hita, 60. Nikanunua cha dijitali chenye waya, dola 12. Kwenye mfuko wa chumvi kilisoma 74. Kwenye tangi la Mkeka kilisoma 28.

Ndugu zangu, 28! Taa ya joto juu, mfuniko wa wavu, magazeti chini, na hita ya nyumba. Yule mnyama alikuwa anakaushwa kama samaki wa ng'onda, na sisi tunasoma 60.

Sasa kuvumwani. Hii ndiyo iliyofanya seti yote nisiitupe. Nilichukua bakuli la plastiki lenye mfuniko, nikatoboa tundu ubavuni la kumtosha kupita, nikalainisha kingo kwa moto wa kiberiti zisimkwaruze. Kuvumwani niliiloweka kwenye maji ya vuguvugu, nikaikamua kama mtu anavyokamua machicha ya nazi, mpaka ukiibana mkononi haidondoki ila kiganja kinabaki kibichi. Nikaijaza nusu bakuli, nikaliweka upande wa joto. Usiku ule aliingia mwenyewe, ikabaki pua tu tunduni. Akakaa humo siku mbili. Siku ya tatu nilipofunua mfuniko, gamba la mgongoni lilikuwa limebaki kwenye kuvumwani, pana na laini, limechorwa alama za magamba yake moja moja, na mwanangu aliposhika tochi kwa nyuma tukaona mabaka kama kivuli.

Mkia ulikataa. Pete zile haifai kuziacha, maana zikikauka zinakaza, damu haipiti, na ncha inaweza kufa. Mama yangu alipopiga simu toka Tanga nilimweleza. Akasema, “Mwanangu, si umpake mafuta ya nazi? Kila kilichoganda si kinaachia?” Nilishanyanyua chupa ya mafuta, moyo ukasita, nikaona kwanza nimpigie daktari. Akasema hapana, mafuta ya jikoni tusimpake, tutumie maji. Basi tukamweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nyuzi 29 hivi, kina hakizidi nusu ya unene wake, dakika 20, mwanangu hakubanduka pale. Kisha nikamwachia apite ndani ya taulo bichi nililolishika bila kulikaza, na mkia nikausugua taratibu kwa kidole gumba kuelekea nchani. Pete ya kwanza ikateleza, ya pili, ya tatu. Mwanangu alikuwa ameshika pumzi muda wote huo.

Lakini jicho sikuligusa, na hapa nasema kwa nguvu. Kikaratasi cha maelezo ndani ya seti kinasema gamba likibaki jichoni ulivute kwa selotepu. Msithubutu. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu, na ukivuta la zamani unaweza kung'oa na jipya lililo chini, jicho likaharibika. Tulimpeleka kwa daktari wa wanyama anayeona nyoka na kobe, dola 85. Akamulika, akatafuta utitiri pembeni ya macho na chini ya kidevu, akasema yuko safi, rekebisheni hewa ya tangi na jicho mliache hadi gamba linalofuata. Hizo dola 85 sizijutii. Kikaratasi kile kinapaswa kuondolewa sokoni.

Tukaziba sehemu kubwa ya wavu kwa karatasi ya foili, tukiacha nafasi ya taa na ya kuingiza hewa. Magazeti tukayatoa, tukatandika maganda ya nazi yaliyokatwakatwa, ambayo yanashika maji. Kipima kikapanda hadi 62. Sijakimbilia kumloweshea tangi zima, kwa sababu akilala kwenye majimaji siku zote magamba ya tumbo yanaoza na mapafu yanaugua. Unyevu mwingi uko ndani ya bakuli, anaingia akitaka.

Seti naipa nyota mbili kati ya tano, zote mbili za kuvumwani, ambayo peke yake unaipata kwa dola 7. Ongeza kipima cha dijitali dola 12, hujafika hata 20.

Mwanzoni mwa Machi macho yalififia tena. Siku ya tisa nilirudi kutoka kazini alfajiri, nikamkuta mwanangu amekaa sakafuni na gamba zima mapajani, toka puani hadi nchani. Aliniita, “Mama, njoo uone kichwani.” Akalinyanyua kwenye taa. Vile vifuniko viwili vya macho vilikuwemo, vya mviringo, angavu kama vioo vya saa ya mkononi, na nyuma ya kile cha kushoto kimeshikana kingine, kikavu, cha kijivu.