REAPER kwa mziki wetu: inakuja tupu, na hapo ndipo utamu uko

Huku Kisumu mtu akisema anafanya biti, karibu kila mara ni FL Studio, na sina ubaya na FL, ni programu kali. Lakini kazi zangu ni kwaya za kanisa na vitu vya nyumbani, nyatiti (kinubi cha Kijaluo cha kamba nane), orutu (fidla ya kamba moja), ngoma za ohangla, na kwa hizo kazi REAPER, programu ya kurekodi na kutengeneza mziki kwa kompyuta, ndio imenifaa kushinda zote nimegusa, kwa hivyo wacha niandike vizuri ndio mwenye anafikiria kuhama ajue anaingia wapi.

Kwanza ni nyepesi ajabu. Ile ya Windows haifiki MB 20, yaani unaidaunlodi kwa matatu ukitoka Kondele na kabla ufike tao imeisha, na bando bado iko. Inatengenezwa na Cockos, kampuni ya Justin Frankel, yule alitengeneza Winamp tulikuwa tunachezea ngoma kwa saiba, na mkono ni ule ule, kitu kidogo, inafunguka haraka, haili mashine. Laptop ya eks-UK yenye RAM ya 4GB inaibeba. Siku 60 unaitumia yote bila kulipa na hakuna kitu imefungwa, unasevu na kufungua kazi yako kama kawaida, na hiyo si kila mtu anakupea, FL ya majaribio utasevu lakini haikufungulii tena ile kazi mpaka ununue. Baadaye laiseni ni dola 60, weka kama elfu nane hivi, na hiyo bei ni ya mtu binafsi ama biashara yenye mapato hayapiti dola 20,000 kwa mwaka, studio ya mtaani iko ndani kabisa. Lipeni jamani. Programu ya bei hii haina haja ya kreki.

Sasa saundi. Ukiifungua mara ya kwanza ni kama umepewa nyumba mpya haina hata kiti. Hakuna piano, hakuna drums, hakuna biti zimepangwa zinakungoja. Piano unajitafutia, mimi natumia Salamander ya bure na inatosha kanisani. Watu wengi wanaitoa hapo hapo. Mimi naona hapo ndipo inatufaa sisi, na hii nataka nieleze polepole.

MIDI, ile lugha kibodi inaongea na kompyuta, yenyewe haibebi sauti. Tangu 1983 inachotuma ni namba, noti gani kati ya 0 na 127, umeigonga kwa nguvu gani, umeiachilia saa ngapi, basi. Sauti inatoka kwa chochote umeweka upande ule mwingine. Halafu 1991 ikaja ile orodha ya General MIDI, ala 128, ndio utapata kwa kibodi nyingi mpaka leo, na ukishuka nayo utakuta kalimba namba 109, lakini nyatiti haiko, orutu haiko, litungu, kinubi cha Wabukusu, haiko. Ndio unasikia mtu ametaka ladha ya Kijaluo kwa wimbo akaweka banjo ama gita la nailoni, na mtu wa Alego akisikia anajua saa hiyo hiyo hapa tumedanganywa.

REAPER inakuja na kitu inaitwa ReaSamplOmatic5000, unaipea sauti umerekodi na inailiza ukigonga noti ya kibodi, na kwangu hiyo pekee inalipa ile elfu nane. Nilikaa na mzee wa nyatiti (nilimlipa siku yake na tukaelewana hizo sauti zitatumika wapi, hilo msiruke), nikarekodi kamba zote nane moja moja, kila moja polepole kisha kwa nguvu, unaacha ilie mpaka inyamaze yenyewe. Halafu oduong'o, ile pete ya chuma ya kidole cha mguu ikigonga ukingo wa ala, halafu gara, zile njuga za mguuni. Kila sauti unaiwekea ReaSamplOmatic yake, zote kwa traki moja, na unaiambia wewe utajibu noti hii tu. Kamba nane zinalala kwa noti nane nyeupe kutoka C mpaka C ya juu, vizuri kabisa, na oduong'o nimeiweka chini kwa mkono wa kushoto. Ile sauti ya polepole inajibu nguvu 1 mpaka 70, ile ya nguvu 71 kwenda juu. Toa tiki pale kwa "Obey note-offs" ndio kamba iendelee kulia hata ukitoa kidole. Na uache mlio vile ulivyo, usiivute ifuate piano, kwa sababu mzee alifunga kamba zake kufuata sauti yake mwenyewe na hiyo tofauti kidogo ndio watu wanaitambua.

Haimalizi mzee lakini. Ukigonga kamba moja haraka haraka sauti ile ile inajirudia na sikio linashtuka, kwa hivyo wimbo ukiwa ni wa nyatiti yenyewe, muite mwenye nyatiti.

Kitu ingine ni kwantaizi, yaani kuvuta noti zikae sawa kabisa na mdundo. Ukibonyeza Q kwa editor ya MIDI uiweke asilimia mia, ngoma za ohangla zinakufa, zinapiga saluti. REAPER inakuacha uvute kidogo tu, mimi huweka 40 ama 50, zile zimepotea sana zinarudi na ule mwendo wa mkono unabaki.

Kucheza laivu, kibodi za kanisani kama PSR-E nyingi ziko na shimo la USB nyuma, waya ni ile ya printa, unaunganisha, unawasha kibodi kwa mipangilio ya MIDI na unacheza. Kwa Windows weka ASIO, draiva ya sauti isiyochelewa, kama huna sauti kadi ASIO4ALL itakusongesha, halafu bafa, ile akiba ya sauti kompyuta inashika kabla itoe, uishushe mpaka sampuli 128, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde hiyo ni kuchelewa milisekunde 2.7 hivi, ukiacha 1024 unapita 21 na vidole vinaanza kubishana na masikio. Mwalimu wa kwaya akisema soprano hawafiki leo tushuke toni moja, unachagua noti zote unashusha nusu toni mbili, imeisha. Na weka sevu ya kujifanyia, stima ikipotea katikati ya kazi utaishukuru.

Ubaya uko. Menyu ni nyingi mpaka mtu mgeni anachoka, na sura yake haivutii. Kama shoo yako ni ya kuwasha vipande vipande jukwaani, Ableton Live imejengwa kwa hiyo, REAPER haikujengewa hiyo. Kuandika noti za kwaya iko nayo lakini solfa (do re mi) haikupei, mimi natoa faili ya MIDI napeleka MuseScore, programu ya kuandika noti, hiyo ni bure.

Kwa kazi zangu naipea tisa kwa kumi. Na kama kuna mtu Bungoma amerekodi litungu ikiwa safi, kamba moja moja, naomba aseme hapa chini tubadilishane, nyatiti yangu iko tayari na mzee amekubali.