Miaka ya Kili, kisha bia za viwanda vidogo Minneapolis: uzoefu wangu

Kwa zaidi ya miaka kumi nilikunywa bia ya aina moja tu. Nyumbani Moshi ilikuwa Kili, na siku nikitaka kitu chenye nguvu kidogo, Safari. Nilipokwenda Nairobi nikakaribishwa Tusker, nikaona huyu ni ndugu yake Kili, nikaendelea. Zote ni laga: rangi ya dhahabu, gesi ya kutosha, uchungu mdogo unaopita upesi, asilimia 4 na kitu hadi 5 na kitu. Unajua chupa ya tatu itakuwaje kabla hujaifungua. Nilipohamia Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, nikachukua laga za makopo za Kimarekani, nyepesi kuliko za kwetu, nikazizoea hivyo hivyo.

Naandika haya kwa sababu nimeona Waafrika Mashariki wengi huku wakijaribu bia za krafti, yaani za viwanda vidogo, mara moja, wakachukia, wakaapa hawarudi. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Naamini kabisa hawakuchukia bia zenyewe. Waliingizwa kwa mlango usio wao.

Mlango wangu wa kwanza ulikuwa baa moja ya mjini, jioni ya Ijumaa, nikiwa na jirani yangu Mkenya. Nilimwambia mhudumu anipe bia ya kawaida, inayopendwa. Akaniletea glasi ya IPA maradufu, aina ya bia chungu na kali, bila kunieleza chochote. Nilionja, ulimi ukakauka, nikahisi kama nimetafuna jani la mwarobaini lililopakwa ganda la chungwa. Lakini kwetu bia iliyomiminwa hairudishwi, basi nikainywa kwa mwendo ninaonywea Kili, na jirani akaongeza nyingine mbili. Baadaye ndipo niliposoma ubaoni kwamba ilikuwa na zaidi ya asilimia 8. Glasi tatu za pinti, kila moja mililita 473, ni sawa na Kili tano au zaidi za nusu lita. Mning'inio wa kesho yake ulinikosesha zamu kazini, na zamu hiyo sikulipwa. Nilikaa karibu mwaka mzima bila kugusa tena kitu chochote kilichoandikwa IPA.

Aliyenirudisha ni mfanyakazi mwenzangu mwenyeji wa hapa, mtu mzima anayependa bia za Kijerumani. Hakunihubiria. Aliniuliza tu, "Unakunywa nini kwenu?" Nikamwambia laga. Akasema, "Basi anza na laga." Mei ilipofika, theluji imekwisha na watu wametoka nje kwa fujo kama wanafunzi wakati wa mapumziko, akanipeleka Utepils, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 2017 kando ya kijito cha Bassett. Jina lenyewe ni la Kinorwei, maana yake ni bia ya kwanza unayoinywa nje majira ya baridi yakiisha. Tulikaa kwenye meza za mbao, tukaagiza pilsna, aina ya laga ya dhahabu.

Rangi niliijua. Povu niliijua. Lakini ladha ilikuwa ile ninayoijua ikiwa imeongezewa sauti: kimea kilinukia kama ukoko wa mkate uliotoka tanuri sasa hivi, na uchungu ulikuja mwishoni, ukakaa, ukaondoka kwa adabu. Ndipo nilipoelewa kwamba laga si kinyume cha krafti. Pilsna ya kwanza ilipikwa mwaka 1842 na Josef Groll, Mjerumani wa Bavaria, katika mji wa Plzeň huko Bohemia, na bia zetu za dhahabu zote zina undugu na ile. Chachu yake hufanya kazi kwenye ubaridi, nyuzi 7 hadi 13 hivi, halafu bia hulazwa kwenye baridi kwa wiki kadhaa. Neno lager kwa Kijerumani linahusu kuhifadhi ghalani. Kulaza bia ni gharama. Kiwanda kidogo kinachopika laga vizuri kinalipia muda huo, na unauonja. Kwa mnywaji wa Kili au Tusker, huu ndio mlango.

Glasi ya pili ndiyo iliyonigeuza moyo. Ni bia ya ngano ya mtindo wa Bavaria, wao wanaiita Ewald the Golden. Ni ya mawingu, haichujwi. Niliinua glasi nikanusa ndizi mbivu. Ndizi kabisa, na nyuma yake karafuu. Nikauliza wameweka ndizi? Hakuna ndizi, wala karafuu. Ni chachu peke yake ndiyo inayotoa harufu hizo inapokula sukari ya kimea. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro. Harufu ya kitu cha ndizi kilichochachuka ni harufu ya ua wa babu yangu, siku mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, inapokaribia kuiva na wazee wameanza kupita kusalimia mmoja mmoja. Sikutegemea kuikuta kando ya kijito Minnesota. Nilinyamaza kidogo, mwenzangu akadhani bia imenishinda.

Tangu siku hiyo nilianza kuzifikiria bia hizi kwa njia nyingine. Mbege inapikwaje? Ndizi zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi unalowekwa, unaoteshwa, unakaushwa na kusagwa: hicho ni kimea, kama wanavyofanya wao kwa shayiri. Unapikwa uji, unachanganywa. Na ili isiwe tamu tu, wazee wanatia magome ya msesewe, machungu hasa. Kazi ya msesewe kwenye mbege ni kazi ya hopsi, maua machungu, kwenye bia. Uchungu si mgeni kwetu. Nilikulia kwenye uchungu, ila chupa ya kiwandani ilikuwa imenisahaulisha.

Nikajua pia hopsi zina kazi mbili, na hili ningeelezwa ile Ijumaa ya kwanza ningeokoa zamu yangu. Maua ya hopsi yakichemshwa muda mrefu, kama saa nzima, yanatoa uchungu. Yakitiwa mwishoni, au baada ya bia kupoa, yanatoa harufu: balungi, embe, msonobari, majani mabichi, inategemea aina. Uchungu hupimwa kwa kipimo kiitwacho IBU. Laga nyingi za viwanda vikubwa huwa kati ya 10 na 20. Kipimo hiki hakisemi kila kitu, kwa sababu kimea kingi chenye utamu hufunika uchungu, lakini kwa anayeanza kinasaidia kutoruka ngazi.

Mimi nilipanda ngazi hivi. Kutoka bia ya ngano nilikwenda kwenye pale ale, aina ya bia yenye hopsi nyingi kuliko laga. St. Paul, mji pacha wa Minneapolis, kuna Summit, wamekuwa wakipika tangu 1986, na Extra Pale Ale yao ilikaa nami kiangazi kizima. Rangi ya shaba, uchungu wa wazi, lakini una mwili wa kuubeba. Aliye mbali na Minnesota atafute Sierra Nevada Pale Ale ya California, inayopikwa tangu 1980. Inapatikana kwenye maduka mengi ya bia Marekani, na ndiyo iliyowafundisha Wamarekani wengi harufu ya hopsi aina ya Cascade, ile ya balungi. Kunywa hizi mwezi, miwili. Usiwe na haraka.

Kisha nikaenda Surly, kiwanda kingine cha huku. Hawa nawapenda kwa sababu mbili. Ya kwanza, Omar Ansari aliyekianzisha alianza kupikia kwenye kiwanda cha familia yake Brooklyn Center, jirani kabisa na mitaa wanakoishi Waliberia na Wakenya wengi wa huku. Ya pili, sheria. Hadi 2011 kiwanda cha Minnesota kinachosambaza bia madukani hakikuruhusiwa kumuuzia mtu glasi ya bia pale pale kinapopikia. Surly walipigania ibadilishwe, sheria ikapita mwaka huo, na kumbi zote hizi ninazozisimulia zimetokana na hapo. Ukumbi wao mkubwa ulifunguliwa mwishoni mwa 2014, na unafikika kwa treni ya Green Line, kituo cha Prospect Park. Nasisitiza treni. Bia za asilimia 6 na 7 si za kushika usukani baada yake, hata kama miguu inakuambia uko sawa.

Pale uliza kama wana sinia la glasi ndogo nne. Agiza hilo. Nilipanga zangu kutoka nyepesi kwenda nzito: Hell, ambayo ni laga ya mtindo wa Munich, na jina ni neno la Kijerumani lenye maana ya rangi angavu, halafu mbili za katikati, ya mwisho Furious, IPA yao maarufu yenye IBU 99. Tisini na tisa. Nilijiandaa kwa mwarobaini. Nikakuta rangi nyekundu ya machweo, utamu wa sukari iliyoungua, halafu uchungu unaingia kwa nguvu na unakaa kifuani. Bado sinywi zaidi ya moja. Lakini hiyo moja naifurahia kweli, na mwaka mmoja nyuma ningeimwaga kwenye sinki.

Kuna jambo moja ambalo sisi tunalijua kuliko Wamarekani, nalo ni bia ya moto. Ukikaa baa yoyote Tanzania au Kenya utaulizwa: ya baridi au ya moto? Huku ukisema unataka bia isiyotoka kwenye friji wanakuangalia mara mbili. Kwa laga ninaelewa, ubaridi unaipendezesha. Ila bia nyeusi na zile nzito zikiwa baridi sana zinafunga mdomo, hazisemi kitu. Nilifanya jaribio nyumbani na Coffee Bender ya Surly, bia ya kahawia iliyotiwa kahawa. Kutoka kwenye friji ilikuwa maji ya kahawia yenye uchungu. Nikaiacha mezani dakika ishirini, nikaionja tena: kahawa iliyokaangwa, kakao, na kitu laini kama uji wa shayiri. Mtu aliyekua chini ya mlima wa kahawa atanielewa. Na jirani yangu Mkenya, mnywaji wa Guinness ya moto tangu ujana, alikubali stauti za huku, bia nyeusi za jamii ya Guinness, siku hiyo hiyo, bila ngazi yoyote. Kama umezoea Guinness, anzia hapo, ruka pilsna.

Sehemu nyingine iliyonigusa ni Fair State, Northeast Minneapolis, kiwanda cha kwanza cha bia Minnesota kuanzishwa kama ushirika, mwaka 2014. Wanachama walikuwa na hisa na kura. Kwa mtu wa Moshi, ambako wakulima wa kahawa walianzisha chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, neno ushirika kwenye kaunta ya bia si jambo dogo. Walikuwa na bia chachu iitwayo Roselle, nyekundu, imetiwa rosela, yaani choya ile ile tunayotengenezea juisi. Mke wangu, ambaye bia hanywi kabisa, alimaliza glasi yake na kuniuliza kama wanauza ya kubeba.

Si kila kitu ni kizuri. Bei inauma: pinti moja dola 7 au 8, na bakshishi juu yake, kwa hiyo hizi si bia za kukaa kreti nzima na washikaji. Bia za makopo zilizojazwa matunda na sukari mpaka zinakuwa nzito kama rojo, nimejaribu tatu, zimetosha. Na angalia tarehe chini ya kopo. Duka moja liliniuzia IPA iliyokaa rafuni miezi minane kwenye joto. Harufu yote ilikuwa imekufa, imebaki ladha ya karatasi iliyolowa. IPA nanunua ikiwa chini ya miezi mitatu na iwe imetoka kwenye friji la duka, la sivyo naiacha. Kumbi nyingi za viwanda hivi hazina jiko, na nyingi zinaruhusu uje na chakula chako. Sisi huenda na mishkaki na ndizi za kuchoma. Pilsna na nyama choma ni ndoa ile ile ya nyumbani.

Mwaka jana mjomba wangu alikuja kwenye mahafali ya binti yangu. Mzee wa mbege, miaka sabini na kitu, laga anaziita maji ya watoto. Nilimwekea mezani glasi mbili, bia ya ngano na Furious. Ile ya ngano aliinusa mara mbili, akanitazama, akanywa kimya. Kwenye Furious alikunywa funda moja, akaliweka mdomoni muda, akameza.

"Hawa wametia msesewe mwingi," alisema. "Lakini wanajua kupika."

Halafu akaomba nyingine, isiyotoka kwenye friji.